UZI: Waziri kivuli wa Mambo ya Ndani alikuwa anafanya kazi gani hasa pale Dodoma?

Mchambua Randama:

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi mmoja wa mpira (sijui mada ilifikaje huko) mdau alisema waziri kivuli (mbunge wa upinzani aliyepewa wizara moja aifuatilie bungeni) ni cheo cha mchongo. Hana gari, hana katibu mkuu, kazi yake ni kusoma hotuba kali mara moja kwa mwaka halafu anatoka nje na wenzake. Akagongewa like za kutosha. Nimeona hii mada ipate uzi wake, na nichukue wizara moja tu, Mambo ya Ndani, kwa sababu hiyo ndiyo wizara ambayo mwananchi hukutana nayo akiwa matatizoni: kaunta ya polisi, geti la gereza, foleni ya kitambulisho cha NIDA, dirisha la pasipoti, gari la zimamoto.

Naweka msimamo wangu mapema ili anayetaka kuniparura ajue pa kuanzia. Ukali wa hotuba haukuwa na uzito mkubwa kiasi hicho. Kilichokuwa na uzito ni kwamba palikuwa na mtu mmoja, anajulikana kwa jina, kakabidhiwa wizara hiyo, na mwaka ukizunguka anatakiwa asimame tena aulize yale yale ambayo mwaka jana hayakujibiwa.

Kwa ambao hawajawahi kufuatilia siku ya makadirio, yaani siku bajeti ya wizara inapojadiliwa bungeni. Maswali ya asubuhi yakiisha, waziri anasoma hotuba yake. Anafuata mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, wenyewe wanaiita NUU. Wa tatu, mpaka 2020, alikuwa Msemaji Mkuu wa Kambi Rasmi ya Upinzani, ndiye huyo tunayemwita waziri kivuli. Zile hotuba za miaka ya 2016 mpaka 2020 zote zinaanza kwa kutaja Kanuni ya 99(9) ya Kanuni za Kudumu za Bunge, na watu walikuwa wanaruka hiyo sentensi kama dua ya kufungulia kikao. Msiiruke. Maana yake ni kwamba zamu ile hakuombea kwa mtu, kanuni imempa. Mbunge wa kawaida anaomba kuchangia, jina linaingia kwenye orodha, siku inaisha hajaitwa.

Sasa angalia juu, upande wa wageni. Siku hiyo wanakaa pale IGP (mkuu wa polisi), Kamishna Jenerali wa Magereza, wa Zimamoto na wa Uhamiaji, na sare zao na nishani zao. Hawaruhusiwi kusema neno. Watendaji wanaandika vikaratasi, wahudumu wanavipeleka kwa waziri ili apate majibu ya jioni. Na chini yao, enzi hizo, kasimama mpinzani anasoma habari za watu waliofia mahabusu, za kesi za kubambikiwa, za trafiki na viroba vya faini. Siku nyingine zote za mwaka mambo yanakwenda kinyume chake: hao waliokaa juu ndio wanaoita, na mwanasiasa ndiye anayeitika.

Lakini hotuba ni ya siku moja. Kazi yenyewe iko kwenye makabrasha. Wizara hii haina fungu moja. Ina Fungu 14 la Zimamoto na Uokoaji, 28 la Polisi, 29 la Magereza, 51 la wizara yenyewe, 93 la Uhamiaji. Kila fungu lina vifungu, na vifungu vina kasma, na vyote vimefafanuliwa kwenye lile jitabu linaloitwa randama. Msemaji makini (au vijana wake, tuseme ukweli) anakaa na randama ya mwaka huu na ya mwaka jana, anatazama Bunge liliidhinisha ngapi na Hazina ilitoa ngapi mpaka Machi. Hapo ndipo unapokuta fedha ya maendeleo ya Magereza iliyopigiwa makofi Mei mwaka jana haijatoka. Hiyo haihitaji kupaza sauti. Unaisoma tu, waziri anaanza kutafuta vikaratasi.

Jioni waziri anahitimisha, kisha Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi. Hapa ndipo kwenye shilingi. Fungu linapofika kwenye mshahara wa waziri, mbunge anasimama anaomba ufafanuzi wa jambo la kisera. Asiporidhika anasema anaondoa shilingi kwenye mshahara huo, hoja inajadiliwa, waziri anajitetea, na ama mbunge anarudisha shilingi au kura inapigwa. Mara nyingi sana inarudishwa. Wengi wanacheka hapo, "si karudisha?" Ndiyo, karudisha baada ya waziri kutoa ahadi kwa mdomo wake, na ahadi imeingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Msemaji mwenye akili alikuwa anaitaka ile ahadi zaidi ya shilingi. Muda ukiisha ni gilotini, mafungu yote yaliyobaki yanapita kwa mkupuo, kwa hiyo ukichelewa kusimama umekula wa chuya.

Mifano.

Mei 2016. Msemaji ni Godbless Lema, mbunge wa Arusha Mjini kwa CHADEMA. Jambo la moto ni Lugumi: mkataba wa shilingi bilioni 37 wa kufunga mashine za kutambua alama za vidole kwenye vituo vya polisi 108. Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, ilikuwa imeshalishika baada ya CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kulitaja, maana fedha karibu yote ilikuwa imelipwa na vituo vilivyokutwa na mashine zinazofanya kazi vilikuwa vya kuhesabika. Hotuba ya Lema ikawa na kurasa za Lugumi. Kiti (aliyekuwa anaongoza kikao) kikataka ziondolewe. Lema akagoma kusoma hotuba iliyokatwa. Kumbukeni pia tangu Januari mwaka huo TBC ilikuwa imeshaacha kurusha vikao mubashara, kwa hiyo aliyekuwa Mbagala au Ngara alisikia kwa kuhadithiwa. Siku chache baadaye, tarehe 20, waziri Charles Kitwanga akatenguliwa, na taarifa ya Ikulu ilisema sababu ni kuingia bungeni na kujibu swali akiwa amelewa. Lugumi haikutajwa.

Novemba mwaka huo huo Lema akakamatwa Dodoma, akapelekwa Arusha kwa kesi za uchochezi, dhamana ikazungushwa mpaka Machi 2017. Miezi minne Kisongo. Yaani msemaji wa upinzani wa wizara inayosimamia magereza alikaa mahabusu ndani ya gereza la wizara hiyo hiyo. Mtu ukitunga hadithi hivyo utaambiwa umezidisha chumvi.

Mfano wa pili naupenda zaidi kwa sababu hauna makelele. Januari 2020, Rais Magufuli akiwa Ukonga kwenye nyumba za askari magereza, alimtoa waziri wa Mambo ya Ndani Kangi Lugola kwa sababu ya makubaliano ya vifaa vya zimamoto ya zaidi ya euro milioni 400. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba jambo hilo halikupita bungeni. Ndiyo randama hiyo! Fungu 14. Rais mwenyewe alisimama pale pale anaposimama waziri kivuli kila mwaka: hii fedha imeidhinishwa na nani?

Baada ya uchaguzi wa 2020 nafasi hii ikafa. Haikufutwa na mtu. Kanuni inataka upinzani ufikishe asilimia 12.5 ya wabunge wote ndipo iwepo kambi rasmi. Bunge la wabunge 393, hiyo ni karibu 50, na upinzani wote ukijumlishwa haukukaribia. Hakuna kambi, hakuna KUB (Kiongozi wa Upinzani Bungeni), hakuna mawaziri vivuli, na zamu ya tatu siku ya makadirio imeondoka.

Karibuni. Matusi pelekeni jukwaa lake.

Kijiwe Nongwa:

Mkuu umeandika kitaalamu lakini umepamba mno. Hao hao mawaziri vivuli Mei 2016 mwishoni walianza kususia vikao vya Naibu Spika Tulia, wakawa wanaingia, dua ikisomwa wanatoka. Bajeti za wizara na muswada wa fedha zikapita viti vya upande ule vikiwa vitupu. Hiyo randama walikuwa wanaisomea kantini? Nilikuwa mpiga kura wao kindakindaki na lilinikera. Ukiwa umepewa zamu na kanuni unaiachaje?

Halafu Lema siyo mtu wa makabrasha. Lema ni mtu wa jukwaa. Tukubali tu.

Mchambua Randama:

Kijiwe Nongwa, la kususia sina utetezi nalo. Kiti kilikuwa kinawabana, sawa, lakini kwenye Kamati ya Matumizi asiyekuwepo hashiki shilingi. Walipoteza mwezi ambao wangeweza kuutumia.

La Lema nakukatalia nusu. Ni mtu wa jukwaa, ndiyo. Ila hotuba za kambi haziandikwi na mtu mmoja, na ukizisoma za miaka ile utakuta kuna sehemu za siasa na kuna sehemu kavu kabisa za makazi ya askari, msongamano magerezani, wafungwa wa kigeni waliomaliza vifungo na hawana nauli. Magazeti yalichukua zile za kwanza.

Sajini Asiyelala:

Naomba niseme kitu kama mstaafu, bila kutaja nilikofanyia kazi.

Raia wanadhani siku ya hotuba ya upinzani askari tulikuwa tunakasirika. Wakubwa labda. Sisi wa chini tulikuwa tunaitafuta. Askari hana chama cha wafanyakazi, hana mgomo, hana hata pa kuandika barua gazetini. Ukidai posho ya uhamisho ya miaka mitatu unaambiwa subiri, ukiuliza tena unapangiwa lindo la mbali. Nyumba tulizokuwa tunakaa pale kambini, familia mbili chumba na sebule zimegawanywa na pazia, choo kimoja cha nje watu wa blok nzima. Mke wangu alikuwa anaamka saa kumi kuwahi foleni ya bomba kabla ya wake wa wakubwa.

Aliyekuwa anayasema hayo kwa sauti mbele ya IGP ni huyo huyo mpinzani ambaye kesho yake tunapangwa kwenda kumtawanyia mkutano kwa mabomu ya machozi. Mbunge wa chama tawala alikuwa anaanza kwa pongezi dakika tano, kisha anaomba kituo cha polisi jimboni kwake, muda umekwisha.

Na wale vijana wa randama mnaowasifia, mnadhani habari za stahiki zetu walizipata wapi? Niishie hapo.

Mchambua Randama:

Afande heshima yako. Ulichosema ndicho nilikuwa nakitafuta namna ya kukiandika.

Mlandege Bar'za:

Assalaam alaykum. Mwenye uzi umesahau upande wetu, kama kawaida ya watu wa Bara.

Wizara hii ni ya Muungano, lakini si yote. Polisi, uraia na uhamiaji vimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Magereza si hivyo, sisi huku tuna Chuo cha Mafunzo, na zimamoto tuna kikosi chetu chini ya SMZ, Serikali ya Mapinduzi Zanzibar. Kwa hivyo Fungu 29 na Fungu 14 hazimhusu mtu wa Micheweni hata kidogo, na Fungu 28 linamhusu asubuhi na jioni, na pengine kuliko mtu wa Njombe, kwa tuliyoyaona kila baada ya miaka mitano.

Natija yake ni hii. Mwakilishi wetu akiwa Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi hawezi kumuuliza waziri wa SMZ kuhusu polisi, atajibiwa hilo ni la Muungano. Basi mlango pekee ni Dodoma. Na Dodoma, enzi za UKAWA (ule umoja wa vyama vya upinzani), wabunge wa CUF kutoka Pemba walikuwa ndani ya kambi rasmi, wanayapeleka ya kwao kwa msemaji, yanaingia kwenye hotuba. Kambi ilipoondoka, mlango ule nao ukafungwa. Hili la kwetu limeumiza zaidi kuliko kwenu.

Mchambua Randama:

Mlandege, ahsante, na lawama nimeipokea. Hoja ya mlango pekee ni nzito kuliko zangu zote hapo juu.

Likoni Feri:

Niaje watu wa Bongo. Huku Kenya hii kitu tuliizika na Katiba ya 2010. Mawaziri si wabunge tena, kwa hiyo hakuna waziri wa kukaa ukimtazama. Tuna Kiongozi wa Wachache, na kazi ya usalama iko kwa kamati ya bunge ya utawala na usalama wa ndani, ambayo ina wabunge wa pande zote. Waziri anaitwa kamatini, anaulizwa, siku hizi pia analetwa kwa ukumbi kujibu maswali. Na kwa polisi tuna IPOA, mamlaka huru ya kuchunguza polisi, kwa sheria ya 2011.

Kwa karatasi inapendeza. Lakini nawaambia ukweli, mwaka wa 2024 vijana walipouawa kwenye maandamano na wengine kutekwa, kila mtu alikuwa anauliza na hakuna mtu mmoja ungeweza kusema huyu ndiye kazi yake. Wabunge wote walikuwa na uchungu kwa simu zao. Kwa hivyo naielewa hoja ya mwenye uzi, ingawa IPOA siwezi kuibadilisha na hotuba ya siku moja.

Mpiga Boksi Leicester:

Huku ndiko kilikotoka hiki kitu. Waziri kivuli wa Mambo ya Ndani wa Uingereza ni mmoja wa vigogo wa upinzani, na ni ngazi: Tony Blair alikuwa nayo 1992 mpaka 1994, akatoka hapo kuwa kiongozi wa Labour.

Lakini kisa kinachonikaa kichwani ni cha David Davis wa Conservative, Juni 2008. Serikali ilitaka polisi waweze kumshikilia mtuhumiwa wa ugaidi siku 42 bila kumfungulia mashtaka. Muswada ukapita Commons (bunge la chini) kwa tofauti ya kura 9. Kesho yake Davis, akiwa ndiye waziri kivuli wa wizara hiyo, akajiuzulu ubunge ili arudi kwa wapiga kura wake na hoja hiyo moja. Chama chake kilishangaa, wengine walimwona kachanganyikiwa. Alishinda uchaguzi mdogo Julai, lakini kiti cha waziri kivuli kilikuwa kimeshakaliwa na mwingine na hakukirudia wakati ule. Oktoba, Lords (bunge la juu) wakaikataa ile ibara na serikali ikaiacha.

Sisemi ni yeye aliyeiua. Nasema mtu alikuwa na wizara mkononi na ikafika mahali ikamgharimu.

Kijiwe Nongwa:

Kwetu akijiuzulu hivyo, uchaguzi mdogo mgombea anapita bila kupingwa. Tuendelee.

Mama Ntilie wa Makole:

Swali la mtu asiye na kanuni kichwani. Kama hakuna kambi rasmi, si wabunge waliopo wanaweza kuuliza? Hata wa CCM. Mbona Askofu Gwajima, mbunge wa CCM, aliongea mambo ya utekaji mwaka 2025 na hakuwa mpinzani? Na huyo wa CCM anaruhusiwa kushika shilingi?

Mchambua Randama:

Mama, swali zuri kuliko uzi wenyewe.

Kushika shilingi anaruhusiwa mbunge yeyote, na wa CCM wanashika, tena wengine wanaishika kwelikweli, hasa kwenye maji na barabara. Kwenye polisi ni mara chache. Sababu unaijua: barabara mbovu ni ya TANROADS, polisi ni serikali yenyewe.

Gwajima aliongelea utekaji Mei 2025 kwenye mkutano na waandishi wa habari, nje ya ukumbi. Ndani ya wiki chache Msajili wa Jumuiya akalifuta kanisa lake. Sasa uliza Msajili wa Jumuiya yuko chini ya wizara gani. Ni Mambo ya Ndani. Sababu zilizotolewa ni za sheria ya jumuiya, kutumia mimbari kwa siasa, na kila mtu ana maoni yake hapo. Mimi naangalia kitu kimoja: enzi za kambi rasmi, jambo kama hilo lingekuwa na mtu ambaye kulisema ni wajibu wake kikanuni, akiwa ndani, na Ibara ya 100 ya Katiba, ile kinga ya mbunge kwa anayoyasema bungeni, juu yake. Haikumkinga Lema kwa aliyoyasema nje, hilo nalijua. Kwa ya ndani ilikuwa inasaidia.

Na tofauti nyingine ni ya mwaka unaofuata. Chukua Tume ya Haki Jinai, ile ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, iliyoundwa Januari 2023 na kukabidhi ripoti Julai mwaka huo. Mapendekezo yake kuhusu polisi na mahabusu yalikuwa mengi na mazito. Wabunge waliitaja, wakapongeza. Lakini hakuna aliyekuwa na jukumu la kusimama Mei 2024, kisha Mei 2025, na orodha mkononi: hili limefanyika, hili bado, hili mlisema mwaka jana mtalileta. Septemba 2024 Ali Kibao wa CHADEMA akashushwa kwenye basi na kukutwa amekufa. Kelele zilikuwa kubwa, na zilikuwa za haki. Bajeti iliyofuata hakukuwa na zamu ya tatu ya kumuuliza waziri uchunguzi umefika wapi.

Mama Ntilie wa Makole:

Nimekuelewa. Hivyo vyama vilivyo nje si vina mawaziri vivuli wao? ACT nilisikia wana baraza zima.

Mchambua Randama:

Wanalo, tangu 2022, na wanachambua bajeti za wizara kwa umakini. Lakini wanasomea waandishi wa habari. Waziri halazimiki kuwajibu na IGP hajakaa juu pale anasikiliza. Randama yenyewe wanaipata kwa kuokoteza.

Kwa anayetaka kupima mwenyewe: Hansard ziko kwenye tovuti ya Bunge. Chukua siku ya makadirio ya Mambo ya Ndani ya mwaka wowote kati ya 2016 na 2020, nenda moja kwa moja kwenye Kamati ya Matumizi, ruka hotuba zote. Andika ahadi za waziri pembeni. Kisha fungua mwaka uliofuata uone ni zipi zimeulizwa tena na nani kaziuliza. Fanya hivyo hivyo kwa 2022 na 2023. Mkimaliza mrudi hapa na mlichokuta, hata kama kinanipinga.